Mita moja ya LUKU, wapangaji wengi: mwongozo kamili wa kugawana umeme bila ugomvi

Swali la kugawana LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, linarudi kila mwezi, karibu kwa maneno yaleyale: tulikaa kikao cha LUKU, tukakubaliana vizuri, wiki mbili hazikuisha watu hawasalimiani tena. Wengine wamefika kwa mjumbe. Wengine wamehama nyumba waliyoipenda, iliyo karibu na kazi na shule ya watoto, kwa sababu ya shilingi elfu tano ya umeme.

Ushauri wanaopewa ni kuvumiliana. Wengi wao wana uvumilivu wa kutosha. Wanachokosa ni hesabu. Wanaingia kikaoni kila mmoja na makisio yake: mwenye friza anaamini haili umeme mwingi, mwanafunzi anaamini analipia watu wengine, mwenye watoto anahisi anasemwa yeye. Makisio yakigongana, kinachobaki kujadiliwa ni tabia za watu, na hapo kikao kimeshakufa.

Mwongozo huu unafuata mpangilio maalumu: kwanza hesabu, kisha mazungumzo ya mtu na mtu, kisha kikao, kisha maandishi, kisha majaribio. Tafadhali usiruke. Karibu kila kisa ninachosimuliwa kilianzia kikaoni moja kwa moja, tena usiku, giza limeingia.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja ambalo halitatumika kwa kazi nyingine. Karatasi moja moja hupotea, na ikipotea ugomvi unaanza upya.
- Ujumbe wa simu au risiti za LUKU za miezi miwili iliyopita. Kila aliyewahi kununua atafute zake.
- Simu yenye kikokotoo na kamera.
- Majina ya vyombo vyote vya umeme vya nyumba nzima, pamoja na wati zake. Wati huandikwa nyuma au chini ya chombo, kwenye kibandiko chenye herufi W.
- Mtu mmoja ndani ya nyumba ambaye wote wanamheshimu. Si lazima awe mzee. Awe tu mtu asiyedaiana na yeyote.

## Hatua ya 1: Usiseme lolote siku umeme ulipoisha

LUKU ikiisha saa nne usiku, watu wana joto, chakula kinaharibika, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Neno la siku hiyo hukaa miezi. Nunua kidogo cha kuvusha usiku, hata kama ni zamu ya mwingine. Andika kiasi ulichotoa, ulale.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu malalamiko ya saa hiyo humwangukia aliye karibu, ambaye mara nyingi siye aliyekosea. Ukisubiri siku mbili tatu, unaweza kulisema jambo lilelile mchana, kwa sauti ya kawaida.

Utajua umefaulu ikiwa asubuhi yake mmesalimiana kama kawaida.

## Hatua ya 2: Jua uniti moja mnainunua kwa shilingi ngapi

Chukua risiti ya mwisho. Gawanya pesa mliyolipa kwa uniti mlizopata. Hiyo ndiyo bei yenu halisi, na haina haja ya kubishaniwa.

Nyumba nyingi za kupanga ziko kwenye kundi la bei la T1, ambalo kwa miaka mingi bei yake imekuwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato. Ukiongeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani), tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) na ya EWURA (mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji) inafika shilingi 356 hivi, ndiyo maana shilingi 10,000 hutoa uniti 28. Kundi la D1, la watumiaji wadogo, ni shilingi 100 kabla ya makato, lakini mita isizidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba yenye familia tatu nne haiwezi kubaki humo. Kwa hiyo mpangaji aliyetoka kwenye mita yake ya D1 akahamia kwenu ataona umeme wa hapo unakwenda mbio, na ataanza kushuku watu. Mwonyeshe bei mapema kabla hajashuku.

Kuna jambo jingine dogo linaloleta shutuma kubwa. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye ununuzi wa LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Hukatwa mara ya kwanza mnaponunua ndani ya mwezi. Sasa fikiria: wiki iliyopita 20,000 ilileta uniti 56, leo imeleta 52. Aliyetumwa kununua anaonekana amekula. Hajala chochote, makato yameandikwa kwenye risiti, ila hakuna aliyeisoma.

Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Wapangaji wakishaitoa kupitia LUKU, waongee naye aipunguze kwenye pango. Kwa mwaka ni shilingi 18,000, na mwenye nyumba mwelewa hukubali akionyeshwa risiti.

Hatua hii imekamilika ikiwa unaweza kumtajia mtu yeyote wa nyumba hiyo bei ya uniti bila kubabaika.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya vyombo, ukianza na vyako

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ugomvi mwingi unapomalizwa kabla haujaanza. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kanuni ni hii: wati za chombo, mara saa kinazotumika kwa siku, mara siku 30, gawanya kwa 1,000.

Mifano ya nyumba za kawaida:

- Taa ya wati 9, saa 6 kwa siku: uniti 1.6 kwa mwezi.
- Televisheni ya bapa ya wati 50, saa 6: uniti 9.
- Feni ya wati 60, saa 8: uniti 14.4.
- Laptopu ya wati 50, saa 4: uniti 6.
- Jagi la kuchemshia maji la wati 1,800, dakika 20 kwa siku: uniti 18.
- Pasi ya wati 1,000, nusu saa, siku 12 za mwezi: uniti 6.
- Kuchaji simu: haifiki hata uniti 1. Msipoteze muda kuijadili.

Friji na friza hazipigwi hesabu kwa njia hiyo, kwa sababu hujiwasha na kujizima. Kadiria uniti 1 kwa siku kwa friji ndogo iliyo nzima, na 2 kwa friza ya kugandishia barafu inayofunguliwa kila mara. Friza ambayo mpira wa mlango umelegea hula zaidi, na mwenyewe huwa hajui.

Tuchukue nyumba ya vyumba vinne. Chumba cha kwanza anakaa mwanafunzi: taa moja, feni, laptopu na simu. Jumla uniti 23. Cha pili ni mama na watoto wawili: taa mbili, televisheni, feni, friji, pasi. Uniti 63. Cha tatu ni dada anayeuza barafu: taa, feni, televisheni na friza. Uniti 85. Cha nne ni mume na mke: taa mbili, televisheni, feni, jagi, pasi. Uniti 51. Taa tatu za korido na nje, zikiwaka kwa saa 11 kila usiku, ni uniti 9. Nyumba nzima ni uniti 231 kwa mwezi, yaani shilingi 82,000 na ushee.

Wakigawana sawa kwa sawa, kila chumba kinatoa karibu 20,600. Wakigawana kwa matumizi, na taa za nje zikigawanywa sawa, mwanafunzi anatoa 9,000, mama wa chumba cha pili 23,200, mume na mke 19,000, na muuza barafu 31,000.

Tazama tofauti ya mwanafunzi na muuza barafu. Kwa mgawanyo wa sawa, kijana asiye na kipato anachangia matumizi ya wenzake, hasa biashara ya barafu, kwa zaidi ya 11,000 kila mwezi, na ana haki ya kukasirika. Upande wa pili, tazama chumba cha nne: wamekuwa wakimlaumu mwenye friza kila siku, kumbe jagi lao la maji linakula uniti 18, zaidi ya feni inayozunguka kwa saa 8 kila siku. Hesabu hii huwanyamazisha wote wawili kwa heshima.

Onyo: vyombo vya watu wengine usiviorodheshe kwa kuchungulia dirishani. Mtu akigundua umehesabu taa zake kwa siri, hata hesabu ikiwa sahihi ataikataa. Jaza vyako tu kwanza, tena kwa ukweli, ukitaja hata ile pasi unayoitumia usiku.

## Hatua ya 4: Pita mlango kwa mlango kabla ya kikao

Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu wanaona aibu. Kuliko zote, mimi naitegemea hii.

Anza na mtumiaji mkubwa. Nenda peke yako. Mkienda wawili mnaonekana mmekuja kushtaki, na yeye atajitetea badala ya kusikiliza. Usiende wakati wa chakula, wala mtu akiwa ndiyo kwanza anashuka kwenye daladala. Jumapili alasiri hufaa, au usiku baada ya watu kula. Piga hodi, salimia kama inavyostahili, ulizia wanawe. Ukikaribishwa kaa. Usipokaribishwa, omba muda mwingine.

Maneno ya kuepuka: "Friza lako linatumaliza." "Watu wanalalamika." "Wenzako wote wanaona." Hilo la mwisho ni baya kuliko yote, kwa sababu linamwambia mtu kwamba amekuwa akisemwa nyuma ya mlango wake.

Maneno yanayofaa: "Dada, samahani nimekusumbua. LUKU hii inatukwaza sote, nimeona nijaribu kupiga hesabu. Nimeanza na vyombo vyangu, hivi hapa, naona peke yangu natumia uniti 23. Naomba unisaidie kujaza vyako ili tujue kila mtu anasimama wapi." Kisha mpe daftari na kalamu. Usimjazie wewe. Aandike kwa mkono wake, maana kilichoandikwa na mkono wake hatakikana kikaoni.

Akikasirika, usibishane. Mwambie, "Basi nakuachia daftari hadi kesho, ukipata nafasi utaangalia." Usiku mmoja hubadilisha mengi. Nimeona mtu aliyefoka jioni akirudisha daftari asubuhi limejazwa hadi chaja ya tochi.

Akiwa ni mfanyabiashara, tambua kwamba anaogopa kitu kimoja: kuambiwa aache biashara. Ondoa hofu hiyo mapema. Mwambie wazi kwamba hakuna anayemzuia kuuza barafu, mnatafuta tu kiasi kinachomstahili. Na gharama ya umeme ikijulikana, naye ataweza kuiweka kwenye bei ya barafu zake, jambo ambalo pengine hajawahi kulifanya.

Kama chumba kina mume na mke, ongea na wote wawili kwa pamoja. Mara nyingi anayetoa pesa anashinda kazini na anayetumia umeme yuko nyumbani. Makubaliano ya mmoja yatavunjwa na mwingine ambaye hakusikia lolote, na wala hatakuwa na kosa.

Umefaulu ukirudi na daftari lenye mwandiko wa kila chumba.

## Hatua ya 5: Kikao kifupi, ajenda moja

Wapangaji wote wakae, uani au koridoni, jioni ya siku ambayo watu hawana haraka. Dakika 40 zinatosha. Yule anayeheshimiwa ndiye afungue na kuongoza, hata kama kazi yote ya hesabu umeifanya wewe. Ukiongoza mwenyewe utaonekana unajitetea.

Mambo ya kutangaza mwanzoni: leo ni umeme tu. Usafi wa choo, maji ya bomba, muziki wa usiku na wageni vitakuwa na siku yao. Madeni ya nyuma nayo yasiguswe. Najua hili linauma kwa anayedai, lakini mkianza kufukua nani hakutoa mwezi wa tatu, hamtafika kwenye mwezi ujao. Deni la nyuma lizungumzwe na wahusika wawili, faraghani, baada ya mpango mpya kusimama.

Soma hesabu chumba kwa chumba, ukianza na cha kwako. Uliza swali moja tu: kuna chombo kimesahaulika? Watu wakianza kusahihishana saa za matumizi, waache kidogo. Mtu akisema feni yake ni saa 6 badala ya 8, punguza. Uniti chache si kitu; majaribio ya hatua ya saba yataonyesha ukweli.

Kisha geuzeni hesabu kuwa asilimia. Kwa mfano wetu: mwanafunzi 11, mama wa chumba cha pili 28, muuza barafu 38, mume na mke 23. Mkinunua LUKU ya 20,000 wanatoa 2,200, 5,600, 7,600 na 4,600. Asilimia ni nzuri kuliko kiasi kamili, kwa sababu bei ikibadilika mgawanyo unabaki palepale.

Sauti ikianza kupanda, mwongozaji aseme, "Turudi kwenye daftari," na asome mstari uliokuwa unajadiliwa. Asimnyamazishe mtu kwa jina. Likitoka tusi, kikao kisimame na kipangiwe siku nyingine, bila hukumu. Anayetaka kujibu tusi ajibu siku hiyo nyingine, na wengi hawatajibu.

Kikao kizuri kinaisha watu wakiwa bado wamekaa. Mtu akinyanyuka na kuingia ndani kabla hakijafungwa, mfuate kesho yake peke yako, kama ulivyofanya mwanzo.

## Hatua ya 6: Andikeni, kila chumba kitie sahihi

Ukurasa mmoja. Yawemo haya:

- Asilimia ya kila chumba.
- Nani ananunua, na kwa muda gani. Zamu ya mwezi mmoja mmoja inapunguza shaka.
- Kengele ya kununua. Nyumba ya mfano hutumia uniti 7 hadi 8 kwa siku, kwa hiyo zikibaki 15 watu wanaanza kuchanga. Hii peke yake inaondoa giza la saa nne usiku. Kila aina ya mita ina namba yake ya kubonyeza ili kuona salio. Iandikeni hapo kwenye daftari.
- Risiti inatumwa kwa wote siku hiyohiyo, kwenye kundi la WhatsApp au kwa ujumbe wa kawaida, pamoja na tokeni.
- Chombo kipya kikiingia, mwenye chombo anakitaja na hesabu inapigwa upya.
- Mgeni anayelala zaidi ya wiki moja anaongezwa kwenye hesabu ikiwa anakuja na chombo chake.
- Tarehe ya kupitia upya, baada ya mwezi mmoja.

Kundi la WhatsApp libaki la risiti na tangazo la uniti zilizobaki. Malalamiko yasiandikwe humo. Sentensi ambayo ana kwa ana ingechekewa, kwenye simu inasomwa kama shambulio, tena mbele za wote, na haifutiki kichwani hata ikifutwa kwenye simu. Ukiwa na neno na jirani, nenda mlangoni kwake.

## Hatua ya 7: Soma mita kila usiku kwa wiki moja

Saa ileile kila siku, piga picha ya mita. Andika uniti zilizobaki. Mwisho wa wiki mtajua matumizi halisi ya siku. Kama makadirio yalikuwa uniti 7.7 na mita inaonyesha 8, shukuruni Mungu, kazi imekwisha. Ikionyesha 10, kuna uniti kama 70 kwa mwezi zisizo na mwenyewe.

Usitangaze kwamba kuna mwizi. Sababu za kawaida ni friza inayovuja baridi, jiko la umeme lisilotajwa, feni iliyoachwa ikizunguka mchana mtu akiwa kazini, au nyaya za zamani zinazovujisha umeme.

Jaribio la kwanza halina gharama. Kubalianeni saa moja ya mchana ambayo kila mtu atazima na kuchomoa kila kitu. Mwenye friza apewe taarifa tangu jana yake. Kisha tazameni kitaa kidogo kinachopepesa kwenye mita. Kikiendelea kupepesa hali vyote vimezimwa, kuna kinachokula umeme mahali fulani, na hapo aitwe fundi mwenye leseni ya EWURA au ipigwe simu TANESCO, shirika la umeme. Msifungue mita wala kugusa lakiri yake. Hilo ni kosa kisheria, na ni hatari kwa maisha.

Kitaa kikitulia, washeni chumba kimoja kimoja mkiwa wote mmesimama pale. Ukweli unaoonekana na macho ya watu wote haumwaibishi mtu kama ule unaoletwa na mmoja.

## Hatua ya 8: Anayechelewa kulipa

Atakuwepo. Mshahara umechelewa, mtoto anaumwa, biashara imelala. Amueni mapema, kwenye ule ukurasa, kwamba mtu anaweza kulipiwa na wenzake hadi siku saba, na deni liandikwe.

Kinachovunja nyumba ni kumzimia mtu swichi ya chumba chake. Usifanye hivyo hata kama una haki. Friji yenye dawa ya insulini, maziwa ya mtoto, samaki wa kuuza: kitu kimoja kikiharibika, deni la elfu nne linageuka kesi, na safari hii mwenye makosa ni wewe.

Kudai kuna namna yake. Mdai faraghani, taja kiasi na siku, na umwachie mlango: "Jirani, ile 4,600 ya Jumanne. Kama haijakaa sawa niambie lini, nitawaambia wenzetu." Mara nyingi mtu anakwepa kwa sababu ya aibu, wala hakusudii dharau. Akiahidi tarehe, usimkumbushe kabla haijafika. Ikipita mara mbili, mwongozaji wa kikao ndiye azungumze naye, si wewe tena.

## Hatua ya 9: Mkiweza, wekeni mita ndogo

Hili ndilo suluhisho la kudumu. Mita ndogo, ambazo mafundi huziita sabu-mita, hufungwa baada ya mita ya TANESCO, moja kwa kila chumba. Mnaendelea kununua LUKU moja, lakini kila chumba kinaonyesha kilichotumia. Lazima mwenye nyumba akubali, na afunge fundi mwenye leseni.

Mwombeni mkiwa na daftari mkononi. Mwenye nyumba anayeletewa malalamiko huchoka na kusema mtajuana wenyewe. Anayeletewa hesabu ya miezi miwili, na pendekezo kwamba gharama ikatwe kidogo kidogo kwenye pango, ana kitu cha kujibu.

## Mwenye nyumba akiwa anakaa humohumo

Hapa panahitaji uangalifu. Huwezi kumpelekea daftari kama unavyompelekea mpangaji mwenzako. Aende mpangaji wa siku nyingi, aanze na shikamoo kama ni mtu mzima, na aombe ushauri: "Mzee, tumejaribu kupanga LUKU yetu, tunaomba utuangalizie kama tumekosea." Muachieni nafasi ya kutaja vyombo vyake mwenyewe. Wengi hutaja. Asipotaja, pampu ya maji na taa za nje ziingie kwenye hesabu ya pamoja, na muendelee na vilivyo mikononi mwenu.

## Frem za biashara zinazochangia mita

Hesabu ni ileile, ila saa ni za kazi na hasira ni za mauzo yaliyopotea. Saluni yenye drayeri mbili za wati 1,200 na kinyozi mwenye mashine ya wati 15 hawawezi kugawana sawa. Ongezeni sharti moja kwenye maandishi: kengele ya kununua iwe asubuhi kabla ya kufungua, siyo mchana mteja akiwa ameshapakwa dawa kichwani. Na ikiwa jirani ni fundi wa kuchomelea, msihangaike na asilimia kabisa. Matumizi yake hupanda na kushuka kwa kazi anazopata. Awe na mita yake.

 

## Ikishindikana

Mpeni mwenye nyumba nafasi kwanza, maana nyumba ni yake. Kisha mjumbe, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nendeni na daftari, risiti na ule ukurasa wenye sahihi. Bila hivyo mtasikilizwa kama watu wa majungu. Kukiwa na vitisho au kupigana, msisubiri ngazi hizo, nendeni polisi.

## Mpangaji mpya, na anayehama

Makubaliano mengi mazuri hufa siku mtu mpya anapoingia. Mwonyesheni daftari kabla hajashusha godoro, ajaze vyombo vyake, na asilimia zipigwe upya kwa wote. Asipewe tu taarifa kwamba "hapa tunatoa elfu kumi."

Anayehama asome salio la mita siku ya kuondoka, mbele ya anayenunua mwezi huo. Kama zimebaki uniti 40 na fungu lake ni asilimia 23, ana uniti 9 zake, yaani shilingi 3,200 hivi. Arudishiwe pesa yake, atie sahihi, na ukurasa wake ufungwe.